Nguo Kumi na Nne za Blanketi

Zalesie, 14 Machi 1999

Kwa Bibi Ludwika Sobol, mkaguzi wa mavazi, Ngome ya Wierzbno

Bibi Mkaguzi,

Mimi ni Zenon Grabarek. Hunijui, lakini ukiuliza karakana ya reli watakwambia. Miaka arobaini na mmoja nimeshona maturubai ya kufunika mabehewa, na hakuna turubai langu hata moja lililoachia mshono njiani, na mengine yalifika Urusi yakarudi. Sasa nimestaafu na ninawashonea hawa watu wa Lucjan Pawlik, wanaoigiza vita vya zama za kati. Mwezi wa saba watakuja kwenu kulala kambini siku nne na kupigana ile vita yenu ya kila mwaka.

Hawa ni watu wa mshahara mdogo. Lucjan ni mchomeleaji kwenye gereji ya mabasi, mkewe Brygida anapikia watoto wa chekechea, na wengine hawana kazi kabisa tangu kiwanda cha sukari kifungwe. Wale wauzaji wa kwenye maonyesho wanataka mshahara wa mwezi mzima kwa nguo moja ya askari wa zamani. Mimi nawavalisha wote kumi na nne kwa bei ya jozi mbili za viatu. Bweni la wafanyakazi lilifungwa, muuzaji mmoja sokoni akawa na rundo la mablanketi, sufu tupu, nikayachukua yote kabla wengine hawajaamka. Mikanda nimekata kwenye hatamu za farasi wa shemeji yangu. Vifungo nimechonga kwa mifupa ya supu.

Kitabu chenu cha masharti nimekisoma nusu, kilichobaki ni maneno mengi. Shule nilisoma madarasa manne, vita ikaja, lakini sindano haijawahi kuniuliza cheti. Nakutumia mkono mmoja wa kanzu na kipande cha kitambaa. Pitisha uniandikie, Lucjan anataka karatasi.

Zenon Grabarek
Fundi wa maturubai


Ngome ya Wierzbno, 22 Machi 1999

Bwana Grabarek,

Nimepokea kifurushi chako. Mishono ya mkono huu wa kanzu ni mizuri kuliko mingi ninayoiona. Mikanda na vifungo naweza kuvipitisha hata leo.

Pete za shaba ulizopigilia kwenye matundu ya kamba zitoke. Ni za maturubai. Wakati ule tundu lilizungushiwa uzi kwa mkono.

Kitambaa hakipiti. Nilivuta uzi katikati ya kipande ulichotuma nikauweka kwenye mshumaa. Haukunuka nywele zinazoungua, kama sufu inavyonuka. Uliyeyuka, ukadondosha tone jeusi, na tone lilipopoa likawa gumu kama shanga. Hiyo si sufu, ni plastiki iliyosokotwa ikafanana na sufu.

Naomba usidhani tunajitia usomi tu. Mwaka juzi, kwenye kambi nyingine, mwanamume mmoja alivaa suruali aliyouziwa kama sufu. Gogo lilipasuka motoni. Cheche ikitua juu ya sufu hujifia yenyewe. Hii iliyeyusha nguo, na nguo ikagandia kwenye paja lake. Nilikuwepo ilipokuwa ikibanduliwa.

Bado una miezi minne. Tafadhali anza na kitambaa kingine.

Ludwika Sobol


Zalesie, 29 Machi 1999

Bibi Mkaguzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Mimi kitambaa nilikichoma mwenyewe, pale pale sokoni, mbele ya muuzaji. Nilichomoa uzi nikauwasha kwa kiberiti ukanuka kama kinyozi kaunguza kichwa cha mtu. Sufu. Hii pua imenusa turubai la kitani, la katani, la pamba, lenye lami na lisilo na lami, kabla wewe hujazaliwa. Labda huko ngomeni mshumaa wenu ni mbovu. Labda ulichoma uzi wa sketi yako.

Pete za shaba nitazitoa. Ni ujinga, lakini nitazitoa.

Zenon Grabarek
Fundi wa maturubai, miaka arobaini na mmoja bila lalamiko


Ngome ya Wierzbno, 6 Aprili 1999

Bwana Grabarek,

Sketi yangu ni ya pamba.

Nina swali moja tu. Ule uzi uliouchoma sokoni uliuchomoa wapi, kwenye mshono wa ukingo wa blanketi au katikati yake? Mablanketi ya mabweni mara nyingi yamezungushiwa ukingo kwa uzi mzuri kuliko wa blanketi lenyewe.

Nitumie nguo nzima iliyokwisha kushonwa. Nitaikagua upya, kwa haki.

Ludwika Sobol


Mjini, 15 Aprili 1999

Mzee Zenon,

Nakuandikia kwa sababu kukupata wewe kwa simu ni sawa na kumpata Papa wa Roma. Weka basi simu, hata ya kukopa. Jumamosi sitakuwepo ukumbini kwa mazoezi, nina zamu gereji.

Nimesikia mkaguzi anakusumbua. Usijali, hao ndivyo walivyo, mwaka jana walimrudisha mtu kwa sababu ya miwani. Wewe ulishasema ni sufu, kwangu yameisha. Ada ya kambi tumelipa, basi la kutupeleka tumepata kwa mkuu wangu, na majani ya kulalia yatatolewa huko huko.

Ukaguzi wenyewe wala si wa kutisha. Getini kuna meza, unainua pindo, wanavuta uzi wa pindoni, wanauchoma, unapita. Dakika moja. Wale wenye lakiri ya risasi shingoni, ile alama ya mkaguzi kwamba nguo imepita, hawaguswi kabisa.

Brygida analipenda gauni lake mpaka naona wivu. Juzi nimemkuta anamenya viazi kalivaa. Anasema anajizoesha mikono mipana, maana huko yeye ndiye wa chungu na moto. Nikamwambia, mama, hiyo ni jikoni yetu, siyo karne ya kumi na tano. Akanirushia ganda.

Lucjan


Zalesie, 27 Aprili 1999

Bibi Mkaguzi,

Nguo hii hapa, kanzu ya mtu wa mkuki. Pete za shaba hazimo, matundu yote nimeyazungushia uzi wa kitani wenye nta, hesabu mwenyewe mizunguko, thelathini na mbili kila tundu.

Vuta uzi pindoni kama mnavyofanya getini. Vuta chini, vuta mikononi, vuta shingoni. Choma na mshumaa wowote.

Zile nyingine kumi na tatu ni ndugu wa hii, baba mmoja mama mmoja.

Zenon Grabarek
Fundi wa maturubai


Ngome ya Wierzbno, 10 Mei 1999

Bwana Grabarek,

Nilivuta nyuzi tano, pindo la chini, mikono yote miwili na shingo mara mbili. Zote ni sufu. Uzi wa kipande cha kwanza sijui ulitoka wapi. Huenda vifurushi vilichanganyika mezani kwangu, mwezi wa tatu tulipokea vingi. Nakuomba radhi kwa usumbufu, na kwa lile swali la ukingo.

Naambatanisha lakiri kumi na nne za risasi. Zishonwe nyuma ya shingo. Mwenye lakiri hapangi foleni ya ukaguzi. Kwenye daftari, mbele ya kikundi chenu, nimeweka sahihi yangu.

Ningependa kubaki na ule mkono wa kanzu wa kwanza. Kila mwaka nafundisha wageni kushona, na wengi wanadhani nguo ya bei nafuu lazima iwe mbaya. Hukupoteza kitambaa hata cha upana wa kiganja.

Ludwika Sobol


Mjini, 12 Juni 1999

Mzee Zenon,

Jumamosi umekosekana tena, ya tatu hii. Mgongo au kiburi? Tumefanya mazoezi makubwa kwenye uwanja wa zimamoto, tumewasha moto wa kweli, Brygida kapika uji wa shayiri na nyama ya kuvuta, nusu ya mtaa ilikuja kunusa.

Nguo zimependeza sana. Watu wanauliza tumenunua wapi. Nikawaambia kwa Grabarek wa Zalesie, hanunuliki.

Kuna kazi ndogo. Cheche iliruka ikamtua Brygida mapajani. Akaipangusa haraka, kapata alama ndogo tu, kama ya mafuta ya kukaangia. Lakini gauni limepata tundu la kuingia kidole gumba. Anacheka, anasema sasa ni vazi la vita kweli. Nampa dereva wa basi la asubuhi akuletee, uzibe kabla ya tarehe kumi na tano mwezi ujao.

Nimeshangaa kidogo, kwa sababu mimi mashati yangu ya kazini cheche zinatoboa na kuacha jivu. Hili tundu lina ukingo mgumu. Sufu ya zamani labda ndivyo ilivyo. Wewe utajua.

Lucjan


Zalesie, 15 Juni 1999

Bibi Mkaguzi,

Vuta uzi wa kwapani, kwenye ule mkono wa kanzu uliobaki nao.

Ile kanzu iliyopita nilisema vuta pindoni, ukavuta pindoni. Pindo zote ni sufu. Nilikuwa na koti langu la kazi la reli, la majira ya baridi, sufu nene ya zamani. Nililikata utepe wa vidole vitatu, nikafumua pindo za nguo zote kumi na nne, chini, mikononi, shingoni, nikauunga utepe kwenye blanketi mshono juu ya mshono, nikapiga pasi na kitambaa kibichi. Mimi mwenyewe baadaye nilikuwa nautafuta muungo kwa ukucha. Usijione mjinga. Wakaguzi ishirini wangepitisha. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii ambaye angeweza kukufanyia vile, na hilo nalisema likiwa kweli.

Swali lako la mwezi wa nne, uzi nilichomoa ukingoni. Ukingo ni sufu, katikati siyo. Yule muuzaji alinikunjia blanketi ukingo ukiwa juu, nami nikachukua kilichokuwa karibu na kidole. Turubai huwa unalipima ukingoni kwa sababu ndiko linakochanika. Mazoea hayo.

Nilijua lini? Kabla sijakuandikia ile barua ya sketi. Nilitaka kutia rangi ya kahawia ya maganda ya kokwa za jozi, nikachemsha blanketi siku mbili, likatoka kijivu lilivyoingia. Sufu inakunywa rangi. Nikamwaga maji nje nikakuandikia matusi.

Leo nina gauni la mke wa Lucjan mezani. Lina tundu mapajani. Nimetia kidole, ukingo wake ni mgumu kama ukucha wa mguu. Lucjan anasema alama aliyopata ni ndogo. Lucjan anasema mimi nitajua.

Lakiri zako kumi na nne zimo humu. Hazikuwahi kushonwa. Nilimwambia Lucjan zinachelewa.

Kikundi hakijui kitu. Wamelipa ada yao kihalali.

Zenon Grabarek


Ngome ya Wierzbno, 21 Juni 1999

Bwana Grabarek,

Nimevuta uzi wa kwapani. Ni kama ulivyosema.

Hakuna atakayeingia kambini na nguo hizo, wala kwenye uwanja wa mapigano, wala jikoni. Atakayekuwa na nguo nyingine inayofaa ataingia. Ada hairudishwi, hilo si langu kuamua.

Sahihi yangu daftarini nimeifuta na kueleza sababu. Nilisema kwamba nilichagua kuvuta pale nilipoelekezwa. Kamati imenipa mwaka mmoja bila meza ya getini, nadhani ni haki.

Mkono wa kanzu bado uko ukutani darasani. Sijaamua nifanye nao nini.

Sijawaandikia watu wako. Ningeweza, na pengine ninapaswa. Nitasubiri hadi tarehe ishirini na nane, kisha nitaandika.

Ludwika Sobol


Zalesie, 24 Juni 1999

Lucjan,

Gauni la Brygida sitaliziba. Halizibiki, na hata likizibika asilivae.

Yale mablanketi si sufu. Ni plastiki. Pindo tu ndizo sufu, nilizitia mimi ili mkaguzi adanganyike, naye akadanganyika, kisha nikamwambia. Najua tangu mwezi wa tatu. Jumamosi tatu sikuja kwa sababu mlikuwa mnawasha moto nami sikutaka kuangalia. Siyo mgongo.

Hamtaruhusiwa kuingia nazo. Nguo zote kumi na nne, gauni likiwemo. Zisivaliwe hata nyumbani karibu na jiko. Mwambie Brygida asimenye viazi nalo.

Alama yake ikoje? Ilikuwa ndogo kweli au unasema tu.

Zenon


Mjini, 30 Juni 1999

Zenon,

Alama ni ya ukubwa wa senti. Ilitoa maji, sasa imekauka. Anaweka mafuta ya nguruwe. Amesema nikuandikie hivyo, mimi nisingekuandikia.

Jumamosi nimesimama mbele ya watu nimesoma barua yako yote. Mmoja kasema twende polisi. Mwingine kacheka, kasema polisi wataandika nini, wizi wa pindo?

Mimi nafanya kazi na moto. Ungeniambia mwezi wa tatu, Mzee, mablanketi mabovu, nimeuziwa, ningesema haya, tutafute mengine, tungeishia kucheka. Kila mtu ameshawahi kuuziwa kitu sokoni. Lakini wewe kuuziwa huwezi. Wewe ni fundi wa maturubai. Turubai halina mtu ndani yake, Zenon. Hili ndilo ulilosahau.

Tumepiga kura. Usije tena na basi la Jumamosi.

Watu wameleta mashuka ya kitani, ya mabibi zao, ya makabatini. Tunashona kila jioni ukumbini kwa karatasi zako za kukatia, zile za vipimo ulizotuachia. Tunadhani nguo sita zitakuwa tayari, tukibahatika nane. Watakaobaki watakata tiketi watazame.

Lucjan

Mzee Zenon, ni mimi Brygida, Lucjan kaenda kutafuta stempu. Mikono haikai. Tukiinua mkono kanzu nzima inapanda hadi kitovuni, tunaonekana kama kuku wanaopimwa. Kile kipande kidogo cha mraba kwenye karatasi zako kinaingia wapi? Hakuna aliyeelewa na hakuna anayetaka kukuuliza. Mimi nakuuliza.


Zalesie, 3 Julai 1999

Brygida,

Kile kipande cha mraba ni cha kwapani. Bila hicho mtu hawezi kuinua mkuki wala mwiko. Sikiliza vizuri, nakuandikia polepole na wewe ushone polepole.

Kata mraba wa shubiri moja kila upande. Usiutie mwishoni, ndilo kosa lenu, naona kabisa mnavyofanya, mnashona kanzu nzima halafu mnatafuta tundu la kuuchomeka. Unaanza nao. Mkono ukiwa bado bapa mezani, shona upande mmoja wa mraba kwenye ukingo wa mkono, kule juu karibu na bega. Kisha kunja mkono uwe bomba, shona upande wa pili wa mraba kwenye ukingo wa pili wa mkono. Sasa una bomba lenye kona moja inayoning'inia. Hiyo kona inaangalia chini, kwenye mbavu. Hapo ndipo unaleta kiwiliwili, unashona bega kwanza, halafu pande mbili zilizobaki za mraba, moja mbele moja nyuma, halafu unateremka ubavuni moja kwa moja. Kwenye kila kona rudia mishono mitatu mahali pale pale, ndiko kunakochanika.

Kitani kinafumuka, kila ukingo ukunje mara mbili. Kabla ya kukata, chemsha shuka lote, lianike, lipige pasi. Kitani ambacho hakijachemshwa kitasinyaa mvua ya kwanza, na Wierzbno mwezi wa saba mvua ipo.

Kwa wanaume wanene ongeza pembetatu ubavuni, moja kila upande, kutoka kiunoni kwenda chini. Lucjan anahitaji mbili kila upande, usimwambie nimesema.

Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki. Mkikosa, nta ya mshumaa wa kanisani inatosha. Mishono midogo, kama punje ya mtama. Sita kwa upana wa kidole gumba. Mimi napiga tisa, lakini nyinyi pigeni sita.

Waliobaki bila nguo wasikae ukumbini kuwatazama wenzao. Wape kazi ya kuzungushia matundu ya kamba, hiyo haitaki ufundi, inataka matako ya kukaa. Kila mmoja matundu manne kwa jioni, mtapata nguo nane, labda tisa.

Na mashuka. Yale ya bibi zenu mengi ni mazuri. Lakini ya miaka ya sabini mengi yamechanganywa, viwandani walianza kutia plastiki, na yanalala kabatini pamoja na mazuri, yamepigwa pasi vile vile, yana herufi zilizotariziwa vile vile. Mtu atakuletea na kuapa kwamba mamake alilifuma mwenyewe. Mwache aape. Wewe chukua mkasi, chana kidogo katikati ya shuka, siyo ukingoni, chomoa uzi wa kwenda na uzi wa kukatiza, zote mbili, maana mwingine unaweza kuwa mzuri na mwenzake mbaya. Choma kila mmoja peke yake. Kitani kinanuka karatasi inayoungua, kinaacha jivu jepesi linalopeperuka. Ukiona tone, weka pembeni, hata kama linaharibu urafiki.

Humu ndani ya kifurushi kuna mashuka mawili ya kwangu. Yanatosha nguo mbili, moja ikiwa ya mtu mdogo. Mimi nasema ni kitani tupu, nayajua miaka arobaini. Yachane katikati uyachome kwanza, watu wote wakiona.

Zenon Grabarek